Mkate wa Chuma

Taja Sumbawanga kijiweni Dar es Salaam, kinachofuata ni utani wa radi. "Ee bwana, usije ukanitumia radi ya mchana!" Washikaji wanacheka, na wewe uliyezaliwa huko unacheka nao, utafanyaje? Ajabu ni kwamba jina lenyewe, kwa tafsiri tuliyolelewa nayo, maana yake ni "tupa uchawi". Mji uliopewa jina la kuufukuza uchawi ndio unaosingiziwa kuufuga! Lakini hayo tuyaache, msomaji. Leo naomba kuisimulia Ufipa kwa njia nyingine kabisa. Sitaanzia kwa mganga wala kwa mfalme. Nitaanzia jikoni, kwenye mkate unaookwa katikati ya vyuma viwili.

Mjini siku hizi mkate huo unaitwa wafo. Unauona kwenye mahoteli, una vishimo vya mraba kama madirisha, na bei yake si ya mwanafunzi. Kwetu haukuja kwa njia ya hoteli. Bibi yangu mzaa baba aliukuta ukipikwa alipoolewa, na jina lake lilikuwa hilohilo ninaloliandika hapa: mkate wa chuma. Ulipikwa Krismasi, Pasaka na siku ya ubatizo. Unga wake ni makopo mawili ya ulezi kwa kopo moja la ngano. Shika hesabu hiyo, msomaji, maana ndani yake mna karibu historia yote ninayotaka kuisema.

Sasa, mkate huu umeigawa familia. Baba mdogo, ambaye amesoma sana na hapendi mtu asahau, kila ukipikwa husema, "Haya, tunakula ukoloni kwa asali." Shangazi humjibu bila hata kugeuka, "Kama ni ukoloni, mbona unaongeza?" Watu wanacheka, mkate unaisha, swali linabaki mezani. Hivi kweli mkate huu ni wa nani? Niliamua kukichukua kila kilichomo, kimoja kimoja, nikiulize umri wake na kwao ni wapi.

Tuanze na mwenye nyumba, yaani ulezi. Wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa ni mtoto wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda. Kutoka huku ulivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita ukafika India, ambako leo wanauita ragi na wengi wanadhani ni wao tangu mwanzo. Punje zake ni ndogo kama vichwa vya pini, na kwa udogo huo mdudu hapati pa kuingilia. Ghalani hukaa miaka bila kubunguliwa. Kwa watu walioishi kabla ya maduka na kabla ya serikali kuwa na maghala, nafaka ya namna hiyo ilikuwa benki.

Na Ufipa iliijengea benki hiyo msingi. Uwanda wetu umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki; mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya nyasi, upepo na baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa. Miti si mingi. Majirani zetu Wabemba, ng'ambo ya mpaka Zambia, waliweza kukata matawi, kuyachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Mfipa angechoma nini? Akatumia alichokuwa nacho. Wakati wa mvua aliyafyeka majani, akayakusanya na kuyafukia ndani ya matuta ya mviringo yanayoitwa intumba, yakaozea humo. Juu ya matuta alipanda maharage. Msimu uliofuata aliyatawanya matuta yale, na katika udongo ule mweusi akamwaga ulezi. Hiyo ndiyo mboji ambayo leo mabwana shamba wanaifundisha kwa semina na posho! Mskoti Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 aliwaona Wafipa kuwa ni watu wa kilimo hasa kuliko wote aliokutana nao njiani. Hakukosea.

Wa pili kuulizwa ni togwa. Mkate wetu hauumuki kwa hamira ya dukani, bali kwa kikombe kimoja cha togwa iliyolala. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa, hicho ndicho kimea. Kimea kikitiwa kwenye uji uliopoa, kinavunja wanga na kuugeuza sukari. Ndiyo maana uji huwa mwepesi na mtamu bila mtu kuongeza kitu. Kisha vijidudu vya hewani na vya kwenye chungu vinaingia kazini, uchachu unaanza, mapovu yanapanda. Ukiiacha iendelee utafika kwenye pombe, na huko mimi sitakufuata. Bibi huikatiza mapema na kuitia kwenye rojo ya mkate. Kwa hiyo hata pumzi iliyomo ndani ya mkate, yale matundu madogo unayoyaona ukiuvunja, ni pumzi ya ulezi.

Wa tatu ni chuma chenyewe, na hapa naomba baba mdogo asikilize. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma kabla ya meli yoyote ya Mjerumani kuelea Ziwa Tanganyika. Uwandani bado yamesimama mabaki ya malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha kama mita 3, marefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Hayakuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda kama inavyopanda kwenye bomba la moshi, mawe ya chuma yakayeyuka humo pamoja na makaa. Kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi ya kukisafisha. Lungu lilitunzwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Jembe lililopatikana lililima ulezi, na lilikuwa mahari pia.

Baadaye yakaja majembe ya kiwandani, ya bei rahisi, na kufikia miaka ya 1930 malungu yalikuwa yanazimika. Lakini kuzimika kwa lungu si kufa kwa mhunzi. Mwaka 1914 padre mmoja, R. Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Yaani nyundo ilikuwa imeshaingia ndani ya ua wa misheni. Waliokuwa wakiyeyusha mawe, watoto wao wakafua vyuma chakavu. Koleo letu la mkate lilifuliwa na baba wa babu yangu kutokana na springi ya lori. Ni mabamba mawili mazito yenye mikono mirefu, yameunganishwa kwa msumari mmoja, na miraba yake ilichongwa kwa tindo, moja baada ya nyingine. Ukiitazama kwa makini utaona hailingani. Mstari wa tatu umepinda kidogo kuelekea kulia, na kila mkate uliopikwa kwetu tangu hapo umezaliwa na mpindo huohuo.

Umbo aliliiga kutoka wapi? Kutoka kwenye chuma cha kuokea hostia, na hapa ndipo ngano inapoingia.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda mjini Brussels chama chake cha Afrika, na mwaka 1879 afisa wake, Kapteni Cambier, akajenga kituo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. (Karema siku hizi iko Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012.) Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao kwa ajili ya kanzu zao tunawaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kutoka ziwani misheni zilipanda mlima mpaka uwandani. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza eneo hilo kuanzia 1891 mpaka alipofariki 1917, aliandika hata kitabu juu ya watu wa huku, kilichotoka mwaka 1913.

Sasa, padre bila hostia hana Misa. Na sheria ya Kanisa Katoliki haina mchezo hapo: hostia ni ngano tupu, usitie ulezi, usitie mtama. Kutoka pwani mpaka Ufipa mzigo ulikwenda kwa mabega ya watu kwa miezi. Rahisi ni kuipanda ngano palepale, na baridi yetu iliipenda. Mpaka leo ngano inalimwa Ufipa. Na kwa kuwa hostia ni mkate mwembamba usio na chachu, huokwa kwa kubanwa kati ya vyuma viwili bapa vilivyochorwa msalaba.

Ukienda nyuma zaidi, kwa Wazungu wenyewe, utakuta mambo yaleyale. Katika Enzi za Kati huko Ulaya, chuma cha hostia na chuma cha mikate ya barabarani vilikuwa ndugu wa damu. Waokaji walichukua chuma cha kanisani, wakabadili mchoro, wakauza mikate mitamu siku za sikukuu. Mchoro uliopendwa ukawa ule wa sega la nyuki, na mzizi wa jina wafo, katika lugha za kale za huko, unakwenda sambamba na neno la sega. Mmarekani Cornelius Swartwout alipopata hati ya uvumbuzi wa chuma chake cha jikoni tarehe 24 Agosti 1869, alikuwa anatengeneza upya kitu cha karne nyingi. Kwa hiyo babu alipokitazama chuma cha hostia akaamua kukitoa sakristia na kukipeleka jikoni kwake, alifanya kilekile ambacho mwokaji wa Ulaya alikifanya zamani, bila wao kujuana. Na sisi tunaomimina asali ya porini kwenye vyumba vile vya mraba, tunalirudisha sega kwenye asali yake.

Kwa hiyo tumefika wapi? Umbo na ngano ni vya mgeni. Ulezi, togwa, asali na mkono uliofua ni vya mwenyeji. Baba mdogo atasema nusu ya ukoloni bado ni ukoloni. Kumjibu, nitumie hadithi ambayo Wafipa wenyewe wanaisimulia kuhusu mwanzo wa utawala wao.

Husimuliwa kwamba Ntatakwa, mtawala wa Milansi, siku moja alikwenda kuwinda. Akiwa huko, wakaja wanawake watatu wageni, Watwa, wakakaribishwa, wakakalia kigoda chake. Aliporudi akakuta utawala umeshakaliwa. Katika nchi nyingine hapo ndipo mikuki inapotoka. Ntatakwa yeye alijadiliana. Wageni wakachukua utawala wa nchi, na uzao wao ndio uliokuja kushika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Yeye akabaki na Milansi na mlima wake, Itweelele, pamoja na heshima ya mwenye asili, ambayo hakuna Mtwa aliyeweza kumnyang'anya. Mwingereza Roy Willis, aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, alikiandika kisa hiki na kukifanya ufunguo wa vitabu vyake.

Mimi nakisoma hivi: mgeni hana budi kuja, nawe huenda usiweze kumzuia. Lakini kabla hujakubaliana naye lazima ujue mlima wako ni upi. Bibi na wakwe zake waliukubali ushirikina wa Wazungu wa kubana unga kwenye chuma, wakaikubali na ngano, kopo moja. Makopo mawili yalibaki ya ulezi. Huo ndio ulikuwa mlima wao.

Mgeni aliyetuondolea mlima alikuja bila msalaba na bila bunduki. Alikuja ndani ya gunia, jina lake mahindi.

Sisemi kwamba mkulima alikuwa mjinga, hapana. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, hata mkulima wa Rukwa, aliyeko mwisho wa barabara mbovu, akalipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua. Mbolea ilikuja na ruzuku. Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikalisha nchi, nasi tukajivuna. Nani angebaki anapukusa punje za ulezi kwa mkono wakati gunia la mahindi linalipia ada ya shule? Bei moja ilipofutwa baada ya mageuzi ya uchumi, mahindi yalibaki. Lakini kumbukumbu ya intumba ilikuwa imeshaanza kulegea, na ugali mweusi ukawa jambo la kuonea aibu mbele ya wageni. Ulezi ukasukumwa kwenye uji wa watoto na pombe ya wazee.

Krismasi ya mwaka jana, nyumbani, binamu zangu waliupika mkate kwa ngano tupu. Ulezi sokoni ulikuwa ghali, wakasema, na kwanza ngano inapendeza, inakuwa myeupe. Kweli ulipendeza. Mpindo wa mstari wa tatu ulikuwapo. Asali ilikuwapo. Wote tulikula, hakuna aliyelalamika. Bibi, ambaye sasa mikono yake haiwezi kulinyanyua lile koleo, alitafuna kipande, akakiweka sahani, akauliza kwa upole, "Huu mmeununua wapi?"

Baba mdogo hakusema neno la ukoloni siku hiyo. Shangazi hakumjibu mtu. Nadhani wote wawili walielewa kwamba kwa miaka yote walikuwa wanabishana kuhusu chuma, wakati kilichokuwa kinaondoka ni ulezi.

Kwa hiyo naandika kipimo hiki nikiwa nimeketi karibu na bibi, yeye akitaja, mimi nikiandika. Makopo mawili ya unga wa ulezi, usagwe laini na kuchekechwa. Kopo moja la ngano, kwa sababu ulezi hauna ule mvuto unaoushika unga pamoja. Ukiwa peke yake mkate unamomonyoka ukiutoa. Chumvi. Kikombe cha togwa iliyolala, na maziwa mtindi mpaka rojo iwe nzito kuliko uji. Funika kwa kitambaa, weka karibu na mafiga usiku kucha, maana kwa baridi ya Sumbawanga chachu husinzia. Asubuhi tia viini vya mayai manne na samli iliyoyeyushwa, vijiko vitatu. Ute wake upige mbali mpaka usimame, ndipo uuchanganye taratibu. Hewa hiyo ndiyo inayomsaidia ulezi kuinuka. Pasha koleo pande zote mbili mpaka tone la maji liruke juu yake. Paka samli, mimina, bana. Salamu Maria kumi upande wa kwanza, kumi upande wa pili. Usifungue kwa pupa. Mvuke ukiacha kutoka ubavuni, mkate umeiva. Ukifungua wakati bado unafuka, utapasuka katikati na nusu itabaki juu.

Asiyejua Salamu Maria, bibi anasema, ahesabu hadi mia moja na hamsini, polepole.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele na jamaa zao, na sasa madaktari wanausifia kwa madini ya kuimarisha mifupa. Ni vizuri. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu ukiwa na kalamu mfukoni, usingoje Umoja wa Mataifa uje kwenu. Lechaptois aliandika, Wyckaert akaandika, Willis akaandika, nasi tunawashukuru. Wote watatu walikuwa wageni, na wote walikuwa wanaume. Waliokanda unga hawakuandika, na wengi wao hawapo tena. Waliobaki bado wanaweza kutaja vipimo kwa makopo, kwa vijiko na kwa sala. Nenda ukawaulize, na ukiandika usirukie utamu. Uliza kila kitu kilitoka wapi, na kipi hakiruhusiwi kupunguzwa.

Mwaka huu shangazi ameacha ukanda mmoja wa shamba, kando ya mahindi, kwa ajili ya ulezi. Baba mdogo ndiye aliyefukia majani kwenye matuta. Alilalamika mgongo siku tatu.